Vitz ya Mwalimu Damiano

Jumatatu, 16 Juni

Siku kubwa! Naandika nikiwa nimefunga mlango wa steshenari, ingawa ni saa nane mchana na kuna mtu nje anataka kopi ya cheti cha kuzaliwa. Asubiri. Keshazaliwa, haraka ya nini?

Asubuhi aliingia Mwalimu Damiano wa Katumba. Mstaafu. Alifundisha Kiswahili miaka thelathini na nne na bado hajaacha. Macho yamemzidi, ukungu umetanda kwenye mboni zote mbili, na daktari kamwambia mwisho wa kuendesha ni mwezi huu. Kwa hiyo anauza gari. Vitz! Nililiona kupitia mlangoni: jekundu, dogo, safi, limetulia chini ya jua la mtaa wetu wa Shanwe kama kuku anayeatamia.

Alitaka matangazo ishirini. Nikaandika GARI INAUZWA. Akaomba nimsomee kwa sababu herufi hazioni. Nikasoma. Akasema gari haliwezi kuwa "inauzwa" hata siku moja, gari linauzwa. Nikarekebisha. Akaomba nisome tena pamoja na namba ya simu. Nikaisoma namba yake, tarakimu moja moja, kwa sauti nzuri ya redioni.

Lakini niliyoichapa ni namba yangu. Ile laini ya pili, ambayo hata mke wangu Imakulata haijui.

Hapo ndipo mtu anapojua kwamba kichwa si cha kufugia nywele tu. Wanunuzi wote wa Mpanda watanipigia mimi. Nitawakatisha tamaa mmoja mmoja. Mwalimu atakaa wiki nzima simu yake kimya, na bei itashuka kama ndoo iliyokatika kamba kisimani. Anataka milioni saba. Mimi nina tatu na nusu, na akili.

Nikajitolea kumbandikia mwenyewe, sokoni, stendi na njia panda. Ningeweza kuyatupa, lakini mzee angeuliza watu, na mimi si mtu wa kudanganya hovyo. Akanishukuru sana. Akasema vijana kama mimi wamebaki wachache. Nina miaka arobaini na minne, lakini nilipokea.

Kwa nini gari? Zipo sababu nyingi na zote zinaitwa Fortunatus. Jirani yangu, mwenye duka la dawa. Tangu anunue pikipiki yenye kioo mbele watu wanamwita Bosi. Kwenye jumuiya anaachiwa kiti chenye mto. Mimi, mwenye mashine mbili za kopi, moja ikiwa nzima, nakalia benchi.

Mwisho wa mwezi tutaona nani yuko benchi.

Jumanne, 17 Juni

Simu saba kabla ya saa sita mchana! Watu wana njaa ya magari mji huu.

Nimebana pua na kukohoa kidogo katikati ya maneno. Nimejifanya mzee mfanyabiashara wa samaki kutoka Ikola, huko ziwani. Kila mpigaji nimempa ugonjwa wake. Wa kwanza nilimwambia injini inakunywa oili kuliko petroli. Wa pili nikamwambia milango ya nyuma hufunguka yenyewe kwenye mteremko. Wa nne alikuwa mchungaji, nikaona vibaya, nikamwambia tu kwamba halina bahati.

Wa saba alikuwa Fortunatus mwenyewe. Hakunitambua! Nikamwambia gari lilizama Ziwa Tanganyika likatolewa kwa nyavu. Akaniita mzee wangu, akasema watu wakweli kama mimi ndio wanaoshikilia dunia isianguke, na akaahidi kuniombea.

Jioni wateja watatu wameniletea habari hiyo kama mpya. Sasa gari lilikaa majini wiki mbili na kwenye buti alikutwa samaki, mgebuka mzima, akicheza mkia. Nilitikisa kichwa. Nikasema nyie watu, dunia ina mambo.

Jumatano, 18 Juni

Leo moyo umesimama na kuanza tena.

Saa tatu simu ya laini ya pili iliita. Nikatazama namba. Naijua kama jina langu. Imakulata! Mke wangu wa ndoa, miaka kumi na sita, ambaye dakika ishirini kabla alikuwa amenipa maandazi!

Lazima nieleze. Tangu Mei, Imakulata anapika chakula cha mchana cha semina ya wauguzi, watu sitini, sufuria mbili za lita thelathini. Anazituma kwa bodaboda. Ijumaa iliyopita sufuria ya maharage iliponyoka kwenye tuta, wauguzi sitini wakala wali mkavu. Dorice, mama anayesimamia semina, alimwambia kwa upole kwamba ikitokea tena watatafuta mwingine. Hayo nilikuwa nayajua. Nisilolijua ni kwamba anatafuta gari, tena ana akiba yake! Amenificha! Inaniuma. Kamwambia mzee wa Ikola eti ni kwa sababu mara ya mwisho aliponipa mtaji nilinunua mashine ya barafu. Mashine ilikuwa nzima kabisa. Umeme ndio haukuniunga mkono.

Nilibana pua mpaka machozi yakatoka. Akauliza mambo matatu. Viti vya nyuma vinalala? Sufuria mbili kubwa zinaingia? Mwenyewe anauza kwa nini? Hata rangi hakuuliza. Hajui kununua gari.

Nikamwambia, kwa sauti ya Ikola, kwamba gari limebeba dagaa wabichi miaka miwili na chakula chochote kitakachoingia humo kitatoka kinanuka ziwa. Nikakohoa.

Akasema, "Pole, mzee. Kikohozi hicho si kizuri. Unywe tangawizi."

Si kwamba simtakii mema. Lakini fikiria. Akinunua yeye, gari ni lake, na mimi nitakuwa abiria kati ya sufuria. Nikinunua mimi, gari ni letu.

Jioni, bila kuombwa, kaniletea chai ya tangawizi. Kali mno, kama ameitwanga kwa hasira. Akasema anaona sauti yangu si nzuri. Mke mwema huyu, anaona ugonjwa hata kabla haujaja. Nilikunywa vikombe viwili.

Alhamisi, 19 Juni

Nimekwenda Katumba na fundi Zefania kukagua gari. Baridi ya asubuhi na vumbi, tumefika kama tumepakwa unga wa muhogo. Njiani tulipatana: kila nikikohoa, yeye ataje ubovu. Mwalimu atavunjika moyo, bei itashuka.

Mwalimu akafungua boneti. Nikakohoa. Zefania kimya. Nikakohoa tena. Zefania akainama, akanyoosha mkono, akaurudisha nyuma na kuufuta kwenye suruali.

"Mwalimu," akasema, "hii injini alikuwa anaitunza nani? Naona aibu kuishika na mikono hii."

Nikakohoa mpaka Mwalimu akaniletea maji.

Ubovu uliopatikana: shokapu moja ya mbele imeanza kuvuja. Mwalimu akasema anajua, keshaagiza nyingine. Zefania akamshika mkono kama anampongeza kwa kupata mtoto. Kisha, kwa sababu alisikia habari mjini, akainua mazulia kutafuta maji ya ziwa. Akakuta shilingi mia na rozari.

Nikaomba kuliendesha. Nina leseni! Nilijifunzia pikapu ya shemeji, ya kubebea tumbaku, gia za mkono. Hili ni la otomatiki. Kichwa kinajua, mguu wa kushoto haujui. Mguu ulitafuta klachi, ukakuta breki. Kofia ya Mwalimu ilipiga kioo cha mbele. Mara tatu. Mara ya nne alikuwa ameishika mkononi.

Baada ya hapo tulikwenda vizuri, vizuri kabisa, mpaka kona ambapo mama mmoja alikuwa ameanika mahindi kwenye turubai pembeni mwa njia. Vitz ni gari dogo, lakini turubai lilikuwa kubwa. Tumeokota punje watu watatu kwa saa nzima. Mama mwenyewe hakututukana. Alivuta kigoda akaketi, kisha akaita majirani waje kutazama.

Tulipokuwa tunaokota nikaviona vitambaa kwenye viti vya gari. Vyeupe, vimefumwa kwa mkono, kimoja kila kiti. Mwalimu akasema alivifuma mkewe, Suzana. Gari lilinunuliwa kwa ajili yake, ili aende hospitali bila kurushwarushwa na bodaboda. Alifariki Februari mwaka jana. Mwalimu akasema hataki liende kwa mtu wa kujionyesha. Akaniuliza, mimi nitalitumia kwa kazi gani?

Ulimi wangu wakati mwingine hutangulia, kichwa hufuata na mizigo. Nikasema nitabebea wagonjwa. Bure. Akauliza wagonjwa gani. Nikasema wa kwanza ni mke wangu, yuko kitandani mwezi mzima, hawezi hata kusimama.

Akanishika mkono muda mrefu, punje za mahindi zikiwa kati ya viganja vyetu. Akasema tangu Jumatatu simu yake haijaita hata mara moja, na aliyekuja ni mimi peke yangu, basi huenda ni mpango wa Mungu. Nikamwambia milioni nne, tatu sasa na moja baadaye. Akasema nimpe siku mbili afikiri.

Limekwisha hili! Ni langu!

Tulipofika Shanwe Zefania akaniambia, "Nyie watu wa karatasi mna shida," kisha akataka nauli yake na ujira wake. Wivu wa kitaalamu.

Ijumaa, 20 Juni

Nimepima uwanja kwa hatua. Gari litakaa kati ya banda la kuku na kamba ya nguo, uso ukitazama duka la Fortunatus. Nimenunua kishikio cha funguo chenye kichwa cha simba.

Fortunatus alipita na pikipiki. Nikamwambia ajiandae kisaikolojia. Akauliza nimefiwa na nani.

Wakati wa chakula Imakulata kaniuliza kama namfahamu mtu yeyote Ikola. Nikasema hapana. Akasema huko kuna mzee mmoja wa samaki, mwongo ajabu, na anashangaa mke wake anamvumiliaje. Nikasema dunia imeharibika, mama Rahel. Akaniongezea mboga bila kuniangalia.

Nina utulivu mkubwa leo.

Jumamosi, 21 Juni

Sijui nianzie wapi.

Saa mbili asubuhi nilikuwa mlangoni na mswaki mdomoni. Imakulata alikuwa uani kwenye mafiga, anapika chakula cha mazoezi ya kwaya, mikono ya gauni imekunjwa, anaimba. Akaiinua sufuria ya lita thelathini, imejaa, peke yake, kutoka jiko moja hadi jingine. Mara nikasikia honi ndogo.

Vitz! Mwalimu Damiano ndani yake, kaendesha mwendo wa kinyonga kutoka Katumba. Akashuka na kuku mkononi na mfuko wa machungwa.

"Hodi jamani. Nimekuja kumwona mgonjwa."

"Karibu, Mwalimu. Mgonjwa yupi?" Imakulata akajibu.

"Mke wa Telesfori."

"Mke wa Telesfori ndiye mimi."

Mwalimu akasogea karibu ili amwone vizuri. Akamtazama, akaitazama sufuria. "Umeamka lini, mwanangu?" akauliza.

"Leo? Saa kumi na moja."

Nilifikiria kuzimia, lakini pale chini palikuwa na maji ya kuoshea mchele.

Imakulata hakupiga kelele. Nimeishi naye miaka kumi na sita, ningependa apige kelele. Alifuta mikono, akalizunguka gari polepole. Akafungua mlango wa nyuma. Akaingiza kichwa, akanusa. Akamuuliza Mwalimu kama gari hili liliwahi kubeba dagaa. Mwalimu akasema limembeba Suzana na madaftari, basi. Akauliza kama liliwahi kuzama ziwani. Mwalimu akasema halijawahi hata kuliona ziwa.

Imakulata akatoa simu yake. Akabonyeza.

Suruali yangu ikaita.

Kuku akanyamaza. Suruali peke yake ndiyo ilikuwa inaongea.

"Mzee wa Ikola," Imakulata akasema, "pokea simu."

Basi ikajulikana. Namba, matangazo, yote. Alinitambua tangu neno la kwanza Jumatano, eti kikohozi changu anakijua hata kikiwa sokoni. Alikuwa ananisubiri niseme mwenyewe. Siku tatu! Mtu wa namna gani anamsubiri mwenzake siku tatu?

Mwalimu alikaa kwenye kigoda. Akaniomba nimletee tangazo moja nimsomee tena. Nikamsomea, safari hii namba iliyoandikwa. Akasikiliza mpaka mwisho. Akasema, kwa sauti ya chini sana, "Nilikupa wewe unisomee kwa sababu sioni."

Hilo naliandika kwa ufupi kwa kuwa sikulipenda. Nilienda nyuma ya banda la kuku nikasimama kidogo. Niliporudi nikamwomba msamaha. Nilimwomba kweli, bila sauti ya redioni. Akaitikia kwa kichwa tu.

Imakulata akamwandalia chai. Mwalimu akamuuliza swali lile lile aliloniuliza mimi, gari atalitumia kwa kazi gani. Akasema kubebea maharage. Akaeleza habari ya tuta, wali mkavu, na Dorice. Wakalaza viti vya nyuma pamoja, wakapakia sufuria mbili. Ziliingia, na pembeni ikabaki nafasi ya ndoo ya matunda. Mwalimu akacheka, mara ya kwanza namsikia. Akasema Suzana alikuwa anapikia watoto uji wakati wa mitihani, na aliubeba kichwani.

Imakulata akasema ana milioni sita na hana zaidi. Mwalimu akasema sita zinatosha. Akaomba arudishiwe vitambaa tu. Akavivua mwenyewe, kimoja kimoja, akivitafuta kwa vidole. Alipofika kiti cha mbele kulia akakiacha.

"Hiki cha dereva kibaki."

Nikasema kwa kuwa mama Rahel haendeshi, basi mimi... Imakulata akafungua pochi akatoa leseni. Mpya! Amesoma udereva tangu Machi, Jumanne na Alhamisi. Nilidhani yuko kwaya. Akamrudisha Mwalimu Katumba kwa gari, bila kofia ya mtu kugonga kioo. Mimi nikabaki na kuku.

Jumapili, 22 Juni

Tumekwenda kanisani kwa gari. Nilikaa mbele, kiwiko dirishani. Nilitegemea macho ya watu, na macho niliyapata.

Tatizo ni kwamba walisogea mbali. Mama mmoja alimvuta mtoto wake. Baada ya misa Fortunatus alisimama hatua tano kutoka kwenye gari, akawaambia watu kwa sauti ya kanisani, yaani ile inayosikika kote, kwamba hilo ndilo gari la ziwani, na yeye alielezwa na shahidi mwaminifu.

Dorice alikuwepo. Akamwita Imakulata pembeni. Nilisogea nikasikia. Alisema ameyasikia mpaka sokoni, maji, samaki, dagaa, na hawezi kupokea chakula cha wauguzi sitini kutoka kwenye gari la namna hiyo. Wauguzi, jamani, watu wa usafi! Kesho asilete kitu mpaka yeye mwenyewe alikague. Na kama si sawa, kuna mama mwingine keshaomba kazi.

Imakulata hakulia. Alishika usukani na kutazama mbele, gari halijawashwa. Ile akiba aliikusanya miaka minne, andazi kwa andazi. Akasema mimi ndiye nitakayesema ukweli mbele ya watu wote waliousikia uongo. Nikatoa wazo bora: nipulizie gari marashi, halafu tukae kimya wiki mbili, watu husahau. Akasema nikisema neno moja zaidi kuhusu marashi nitalala steshenari.

Nimefikiri. Sakafu ya steshenari ni ya saruji.

Jumatatu, 23 Juni

Dorice alifika saa nne. Nilikuwa nimemwita Fortunatus, na Fortunatus akawaita wengine wote.

Dorice akaingia nyuma, akafunga vioo, akanusa. Fortunatus akaingia pia, kama mtaalamu wa dawa. Akanusa viti, akanusa dari, akafumba macho kama anaonja mchuzi. Akasema kuna kitu anakisikia kwa mbali. Dorice akamwambia ni yeye mwenyewe, ananuka mafuta ya karafuu.

Lakini Dorice hakuridhika. Akasema pua si ushahidi, na mzee wa Ikola alisema aliona kwa macho yake.

Imakulata akanitazama. Nikasimama juu ya kigoda nikasema mzee wa Ikola ni mimi.

Fortunatus akasema haiwezekani! Akasema yule mzee alikuwa mtu wa heshima, mwenye hekima, na mimi nisijaribu kujipatia sifa za wengine. Akasema amemwombea siku sita mfululizo. Watu wakakubaliana naye. Nimesema ukweli mara moja mwaka huu na hakuna aliyeniamini!

Ikabidi nibane pua. Mbele ya Shanwe nzima, saa nne na nusu asubuhi, nikakohoa na kusema, "Gari hili lilizama, mwanangu, likatolewa kwa nyavu."

Walicheka mpaka bodaboda zikasimama. Dorice alicheka akashika mlango wa gari asianguke. Zefania alitoka gereji yake na spana mkononi akaomba nirudie. Nikarudia, kwa kuwa ni shahidi muhimu. Watoto wa shule wameshaijua sauti hiyo, wamepita jioni wote wamebana pua.

Fortunatus peke yake hakucheka. Alisimama pale kama mtu aliyefiwa, akasema polepole kwamba alikuwa amepanga kwenda Ikola kumsalimia.

Dorice akafuta machozi akamwambia Imakulata wauguzi wana njaa. Sufuria zikapakiwa. Imakulata akatoka kinyumenyume, akakata kona, akapita lile tuta taratibu kabisa. Nilimfuata kwa miguu nione. Hata tone halikumwagika. Alipokuwa anavuka upande wa pili nilimwona kwenye kioo cha pembeni, anatabasamu peke yake, tabasamu ambalo sijaliona tangu binti yetu Rahel azaliwe. Nilisimama hapo barabarani zaidi ya nilivyokusudia.

Kisha nikarudi kuosha vyombo, kama ilivyoamriwa.

Jumanne, 24 Juni

Asubuhi tulivu. Nimekaa kwenye steshenari nikapima mambo kama mtu mzima.

Nilitaka Vitz ya Mwalimu iwe kwetu. Iko kwetu. Nilitaka bei ishuke. Imeshuka milioni nzima, na kama si mimi kumwambia Mwalimu nina mgonjwa, asingefika nyumbani, na Imakulata asingelipata gari. Nilitaka Fortunatus asilinunue. Hajalinunua, na tangu jana haongei na mtu. Ukitoa mambo madogo ya hapa na pale, mpango umekwenda karibu wote. Hata Imakulata nadhani ameanza kuelewa. Leo amenisalimia.

Saa tano kaingia Amedeus, anaoa Jumamosi, anataka kuchapa ratiba ya misa ya ndoa. Uso umemshuka. Gari la bibi harusi limeharibika gia huko Usevya na hajui atafanyaje. Nikamwambia atulie. Nikamwambia nina gari. Jekundu. Historia yake safi, limekaguliwa na wauguzi.

Alinikumbatia! Akaniita Bosi! Ameshakwenda kununua utepe mweupe.

Kuna jambo dogo. Jumamosi hiyo hiyo semina inafungwa, na Imakulata atapeleka chakula cha watu mia moja na ishirini pamoja na mgeni rasmi. Lakini misa ni saa nne na chakula ni saa saba, na hata zikigongana si tatizo. Nimemwona bibi harusi kwenye picha, mwembamba sana. Yeye, mpambe wake na sufuria mbili wataenea bila shida, kama gauni likikunjwa vizuri.

Imakulata atafurahi nikimweleza. Nitamweleza Jumamosi.